Huva ndogo ya mama: zawadi, mshahara au rehani?

Shikamoo Shangazi,

Nakaa Moshi mjini. Nina watoto wanne na mjukuu mmoja. Jambo ninalokuletea linaenea ndani ya kapu la sokoni, lakini limetufanya mimi na kaka yangu mkubwa tusisalimiane tangu Pasaka.

Mama yetu alifariki mwaka jana. Ujana wake wote alifanya kazi za ndani kwa mlowezi mmoja mwenye shamba la kahawa, upande wa Kibosho. Alianza mwaka 1958 akiwa msichana, akaolewa, akatuzaa, akaendelea na kazi hadi mwaka 1973, mashamba yale yalipotaifishwa na yule mzungu akafunga virago. Nilikuwa na miaka saba. Naikumbuka jioni ile aliporudi. Alikuwa amebeba kitu kichwani, kimefungwa kwenye khanga. Akakifungua, akakiweka juu ya kabati la vyombo, akatuambia, "Hiki hakiguswi."

Ilikuwa mashine ndogo ya kufyonza vumbi, ile ya kushika kwa mkono mmoja. Yeye aliiita huva ndogo. Alisema alipoanza kazi aliikuta kwenye ile nyumba, na ndiyo aliyokuwa akisafishia makochi na ngazi. Kwetu umeme uliingia mwaka 1994, kwa hiyo miaka zaidi ya ishirini tulikaa na mashine ya umeme kwenye nyumba ya chemli. Hata umeme ulipokuja hakuiwasha. Kila Jumamosi aliiteremsha, akaifuta kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya nazi, akairudisha juu.

Nimeiweka hapa mezani na picha nimekutumia. Mwili wake ni wa bati jeupe zito kidogo, nadhani aluminiamu, unang'aa. Mshikio ni mweusi. Nyuma ina mfuko wa kitambaa cheusi. Waya wake umevikwa uzi uliofumwa kama kamba ya kiatu, na mwisho una plagi ya miguu mitatu ya duara ambayo haiingii kwenye soketi yoyote nyumbani. Ubavuni imeandikwa "Hoover Dustette". Kuna kibati kidogo kinachosomeka "Hoover Limited, Perivale, Greenford, Middlesex", halafu "volts 220-230", na namba ambazo nusu zimefutika.

Miaka minne kabla ya kufariki, mama aliniita chumbani, akaniwekea mashine mapajani. Akasema, "Itunze wewe. Isiuzwe mpaka hesabu ikamilike." Sikumuuliza hesabu gani. Nilidhani ni maneno ya uzee. Lakini zamani, nilipokuwa binti, aliwahi kuniambia kwamba mzungu aliondoka bila kumlipa mishahara ya miezi mitatu, na hii mashine ndiyo aliyopata. Kaka yangu anasema yeye aliambiwa ni zawadi, tena alipewa kwa mkono na mke wa mzungu huku analia. Mimi nina hofu ya tatu ambayo sijamwambia mtu. Je, kama mama aliichukua tu?

Sasa kaka amepata mtu Arusha anayenunua vitu vya kale. Huyo mtu ametoa shilingi 150,000. Kaka anataka tuuze, anasema ni ya wakati wa Mjerumani, ina zaidi ya miaka mia, na mshikio wake ni mpingo. Mtoto wa dada yangu naye ameitafuta kwenye simu, akakuta moja inauzwa Uingereza pauni 350, ambayo ni zaidi ya milioni moja kwetu. Tangu hapo mimi namwona yule mtu wa Arusha ni mwizi, na kaka ananiona mimi ndiye mwizi, kwa kuwa nimeikalia mali ya wote. Kihamba, yaani shamba letu la ukoo, kimeenda kwa mdogo wetu wa mwisho, kama desturi yetu ilivyo, na sikulalamika. Hii ndiyo pekee niliyopewa mkononi.

Wiki iliyopita kijana alitaka kubadilisha plagi aiwashe, ili tumpigie mnunuzi video ikinguruma. Nikamzuia. Usiku nikafungua ule mfuko. Ndani kuna vumbi la kijivu, makapi ya kahawa, na kifungo kimoja cheupe cha shati la mtoto. Nikafunga. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Desemba wote wanakuja nyumbani, na kikao cha ukoo kimepangwa baada ya Krismasi. Yupo bibi mmoja aliyekuwa mpishi kwenye nyumba ileile, bado yu hai, anaishi juu huko Kibosho. Naogopa kumwendea. Niambie Shangazi: hiki kitu ni nini hasa, kina thamani gani, na je, ni chetu?

Mama wa Moshi

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa mama, na pole kwa huu msiba mwingine ulioingia nyuma yake, wa ndugu wawili kupishana njiani bila salamu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma habari ya mashine. Mara ya pili nikasoma habari ya wewe na kaka yako. Mara ya tatu nikaona neno moja tu, hesabu. Ulianza kwa kuniuliza kitu hiki ni nini na kinauzwaje, na nitakujibu, kwa sababu ni maswali ya haki na majibu yake yanapatikana. Ila naomba tusiyaachie yajibu lile swali la mwisho, maana bei ya sokoni haitakuambia mama alikuwa anadai nini.

Tuanze na kibati. Kisugue hata kidogo na utakuwa umefuta cheti cha kuzaliwa cha hiyo mashine. Usitumie msasa, wala stili waya ya sufuria, wala Brasso. Kipige picha asubuhi karibu na dirisha, mwanga ukiingia kwa ubavu, na zile namba zilizofifia huenda zikasomeka zenyewe.

Perivale ni eneo la magharibi mwa London. Hoover ni kampuni ya Marekani, lakini ilijenga kiwanda pale Perivale kikafunguliwa mwaka 1933, jengo jeupe la fahari ambalo lipo hadi leo. Kiwanda kilifungwa mwaka 1982, na sasa humo mna duka kubwa la vyakula na makazi ya watu. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916. Kwa hiyo mashine yenye anwani ya Perivale haiwezi kuwa ya wakati wa Mjerumani. Kati ya Mjerumani kuondoka Moshi na kiwanda kile kufunguliwa imepita miaka 17. Kaka yako hakudanganya. Kwetu kila kitu kizito cha zamani huitwa cha Mjerumani, kuanzia daraja hadi bawaba ya mlango.

Middlesex nayo inasema kidogo. Ulikuwa mkoa wa Uingereza, ukafutwa mwaka 1965, ingawa watu waliendelea kuuandika kwenye anwani kwa miaka mingi, kwa hiyo hapo tusiegemee sana. Ushahidi ulio imara zaidi umeuleta wewe bila kujua: mama alianza kazi mwaka 1958 na mashine akaikuta. Basi ilitengenezwa baada ya 1933 na kabla ya 1958. Dustette zilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya thelathini, na zile za mwanzo ndizo zenye mwili wa aluminiamu inayong'aa kama ya kwako. Mtaalamu akizipata zile namba ataweza kusogea karibu zaidi. Hata hivyo, umeona? Kitu kilichotufikisha hapa ni kauli ya mama yako. Neno lake limefanya kazi ambayo kibati peke yake kisingeweza.

Tena ni vizuri una maandishi, si jina la mdomoni tu. Uingereza jina la Hoover lilishakuwa jina la kila mashine ya kufyonza vumbi, kama sisi tunavyoita kila dawa ya meno Kolgeti. Mama angeweza kusema huva ndogo na ikawa ya Electrolux ya Sweden. Yako ni Hoover kweli.

Kuhusu mpingo, nina shaka. Chukua kidole gumba, sugua mshikio haraka hadi upate moto, kisha unuse. Ukipata harufu kali kama ya dawa ya hospitali, hiyo ni bakelaiti, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu moja kwa moja kutoka kwenye kemikali. Aliyeibuni ni Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, mwaka 1907. Mpingo una nyuzi za mti ukiutazama kwa karibu, bakelaiti haina. Msiikwangue wala kuipiga msasa, kwa sababu baadhi ya bakelaiti za zamani zilichanganywa na asbesto na vumbi lake si la kuvuta.

Sasa kuhusu kuiwasha. Ulifanya vema sana kumzuia yule kijana, na hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa kuwa naogopa. Picha ya waya nilimwonyesha fundi wa mota hapa Arusha, mzee ambaye amefunga mota tangu kabla ya wewe kuolewa. Aliangalia ule uzi uliofumwa, akasema, "Usihangaike na uzi, mpira uliomo ndani ndio wa kuogopa." Mpira wa miaka themanini huwa umekauka, ukiukunja unapukutika kama ganda la karanga, na waya mbili zinabaki uchi ndani ya mwili wa chuma ambao mtu ameukumbatia kwa kiganja. Umeme wetu ni volti 230, kibati kinaruhusu, na hilo ndilo linalodanganya watu. Volti inakubali, lakini waya unaua. Kama mtataka kujua mota nzima au imekufa, fundi anaweza kuipima bila kuiwasha, na akaangalia kaboni zake na grisi ambayo bila shaka imeganda. Akitaka kubadilisha waya, mwambie ule wa zamani na plagi yake ya miguu ya duara asitupe. Wakusanyaji wanavipenda vikiwa pamoja.

Tuje kwenye pesa. Kijana wenu aliona pauni 350. Naomba umwulize swali moja: ile mashine iliuzwa, au imewekwa tu? Mtu anaweza kuandika bei yoyote, ikakaa pale miaka mitatu hakuna aliyegusa. Kwenye tovuti za minada kuna mahali pa kuchagua zilizokwisha kuuzwa tu. Aangalie hapo, aandike bei kumi kwenye karatasi, ailete kikaoni. Nadhani atashangaa. Dustette zilitengenezwa kwa wingi, nyumba nyingi za Uingereza zilikuwa nazo, na hadi leo zinaibuka kwenye maghala ya bibi zao. Kwa kawaida zinaenda kwa makumi ya pauni. Inayokuja na boksi lake, kijitabu, brashi zake zote na mfuko usiotoboka hupanda. Yenye kasoro hushuka. Ukiitoa Moshi, weka na gharama ya Posta kwa mzigo wa kilo kadhaa, ada ya tovuti, na hatari ya mnunuzi kusema imefika imevunjika.

Shilingi 150,000 ni kama pauni 45 hivi kwa viwango vya karibuni. Kwa hiyo yule mtu wa Arusha ambaye umeshamwita mwizi, ametoa bei isiyo mbali na soko la Uingereza lenyewe. Sikuambii umuuzie. Nasema hukumu uliyompa, na ambayo kaka yako naye amekupa wewe, imesimama juu ya bei ambayo huenda hakuna mtu aliyewahi kuilipa. Mkiliondoa hilo mezani, huenda mkaona mnachogombania ni kidogo kuliko mlivyofikiri. Au mkaona ni kikubwa zaidi, lakini si pesa.

Maana nimejiuliza: kama ni shilingi 150,000 kwa ndugu wanne au watano, kila mmoja anapata kati ya 30,000 na 37,500 tu. Kwa nini basi salamu zimekatika? Nahisi kaka yako anapigania hadithi yake. Kwake mama alikuwa mtu aliyependwa na waajiri wake hadi wakalia. Wewe unashikilia hadithi ya mama aliyedhulumiwa. Mashine ni moja, na kila mmoja anaogopa kwamba mwenzake akiichukua ataondoka na mama wa upande wake. Je, ulishawahi kumwuliza kaka, kwa upole, lini mama alimwambia ni zawadi, na alikuwa katika hali gani? Alikuwa mtoto wa kiume mkubwa. Kuna mambo mama humwambia binti jikoni ambayo hamwambii mwana wa kwanza, ili asikue na kinyongo. Inawezekana pia kinyume chake, kwamba aliyeambiwa ukweli ni yeye, na wewe uliambiwa siku mama ana hasira. Sijui. Nawe hujui bado.

Sasa lile la tatu, ambalo hujamwambia mtu. Asante kwa kuniambia.

Umeandika, "kama mama aliichukua tu". Tazama mwaka wenyewe. Shamba limetaifishwa, mwenye nyumba anafunga mizigo, vitu vingine vinauzwa, vingine vinagawiwa, vingine vinaachwa barazani. Msichana aliyeingia pale mwaka 1958 sasa ni mama wa watoto, miaka 15 ya kazi, na miezi mitatu haijalipwa. Katika siku kama ile, mpaka kati ya kupewa, kuachiwa na kujichukulia unaweza kuwa mwembamba sana. Aliibeba imefungwa kwenye khanga, ndiyo. Lakini pia aliiweka juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo kila mgeni aliyeingia aliiona, na akaing'arisha kila Jumamosi kwa karibu miaka hamsini. Sitaki kukusomea moyo wa marehemu kwa mambo mawili hayo. Naomba tu usiruhusu neno moja zito liwe la kwanza kumwelezea, wakati maneno yake mwenyewe yalikuwa mengine: hesabu.

Hilo neno ndilo linanirudisha kwenye rehani. Kwa wazee wetu, kitu kilichoshikwa kwa ajili ya deni hakikuwa zawadi wala wizi, kilikuwa kinangoja. Kama ndivyo alivyoiona, "isiuzwe mpaka hesabu ikamilike" linaanza kueleweka. Shida ni kwamba mdeni hayupo tena, na mtu wa Arusha hakuwa na deni na mama yako. Akilipa 150,000, au hata akilipa milioni, hajalipa mshahara wa mwaka 1973. Mkiuza, mtakuwa mmeuza mashine. Deni mtabaki nalo. Labda mtaridhika liishie hapo, familia nyingi zimeamua hivyo na zinaishi kwa amani. Lakini msiuze mkidhani mnamlipa mama. Au inawezekana hesabu aliyoisema ilikuwa nyingine kabisa, ya ninyi wenyewe, ya kihamba na nani alipata nini. Alikupa wewe, binti, kitu pekee ambacho desturi haikukigusa. Hilo nalo litafakari, bila kulitumia kama rungu kikaoni.

Ulinitajia njia moja, ya kuuza. Mimi naona zaidi, na kila moja ina miiba yake.

Unaweza kukaa nayo. Kama mama alikukabidhi akiwa hai na mwenye akili timamu, ipo hoja kwamba ilikuwa yako kabla hajafariki, na haimo kwenye mirathi. Lakini je, kuna aliyesikia zaidi yako? Kama hakuna, itabaki neno lako dhidi ya la kaka, na hata Mahakama ya Mwanzo ikikupa ushindi, utakuwa umeshinda kitu cha pauni 45 na kupoteza ndugu. Kama msimamizi wa mirathi ameshateuliwa, mwambie mapema, muhtasari wa kikao uandikwe vizuri, uwe na maneno ya mama kama alivyoyasema.

Unaweza kukubali iuzwe, kwa huyu au kwa mwingine. Arusha kuna hoteli na kambi za wageni kwenye mashamba ya zamani ya kahawa, na zinapenda vitu vya aina hii kupambia sebule. Huenda zikalipa kuliko mkusanyaji wa Uingereza. Ila fikiria itakavyokaa pale: kwenye rafu, karibu na picha ya mlowezi aliyevaa kofia. Mgeni ataambiwa hii ilikuwa ya nyumba ya bwana fulani. Nani atamwambia ni mkono wa nani ulioishika? Likikuuma hilo, mnaweza kuliweka kama sharti, jina la mama na miaka yake ya kazi viandikwe kando. Wengine watakubali, wengine watakuona msumbufu.

Ipo pia njia ya makumbusho. Arusha tuna Makumbusho ya Azimio la Arusha, kwenye jengo lilelile ambamo TANU walikaa Januari 1967 kulijadili Azimio ambalo baadaye liligusa hata lile shamba. Sikuahidi kwamba watapokea. Makumbusho hupewa vitu vingi na nafasi ni ndogo. Lakini mashine yenye hadithi iliyoandikwa ya mfanyakazi wa ndani ni kitu tofauti na mashine tupu. Kuna watu watasema mmeitupa bure. Na ukishakabidhi, kuirudisha ni kazi.

Na mnaweza kuamua kutoamua Desemba hii. Kaka anaweza asilipende hilo, ataona unavuta muda, na mnunuzi anaweza kuondoka. Mashine imesubiri tangu 1973.

Kuna jambo nimelikumbuka wakati naandika. Mashine ya kwanza ya aina hii kampuni ya Hoover iliipata kwa mtu aliyeitwa James Murray Spangler, mfagiaji wa duka katika mji wa Canton, Ohio. Alikuwa na pumu, na vumbi la mazulia lilimkaba kila usiku wa kazi. Akaunganisha mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akatengeneza mashine ya kumwokoa kifua chake. Hataza alipata mwaka 1908, akaiuza kwa William Hoover, mtengenezaji wa bidhaa za ngozi, na jina lililobaki duniani ni la Hoover. Nimekusimulia kwa sababu ulisema hujalala tangu ufungue ule mfuko. Vumbi ulilolikuta ndilo ambalo halikuingia kwenye kifua cha mama yako. Kazi yake imo humo ndani, unaweza kuishika.

Usilikung'ute sasa. Siku ukiwa tayari, fungua mfuko nje, uso umefunikwa, tandika gazeti. Kifungo kiweke kwenye bahasha, andika tarehe na mahali kilipotoka. Kinaweza kuwa cha mtoto wa mzungu. Kinaweza kuwa cha kaka yako, kama mama alikuwa anakwenda naye kazini siku ambazo hakuna wa kumwachia. Hilo swali unaweza kumpelekea yeye, na hata kama mengine yote yamekwama, sidhani atakataa kukitazama kifungo.

Yule bibi wa Kibosho umesema unaogopa kumwendea. Nakuelewa. Anaweza kukuambia mama alipewa, anaweza kukuambia alichukua, anaweza asikumbuke kabisa. Kuna hatari kwamba utarudi na jibu ambalo usingetaka kulibeba, na ukishalisikia utalazimika kuamua kama unalipeleka kikaoni. Lakini umri wake haungoji Krismasi. Ukienda, usiende na picha kwenye simu. Wazee macho yao hayaoni vioo hivyo. Ifunge mashine kwenye khanga, ukiweza iwe ya mama, panda daladala ya asubuhi kabla hajachoka, chukua na sukari na majani ya chai. Usimwulize ni ya nani. Iweke mapajani mwake, kama mama alivyokuwekea wewe, halafu nyamaza umsikilize. Na kama roho yako itakubali, mpigie kaka yako jioni kabla ya safari, umwambie kesho unakwenda, na kwamba kwenye daladala kuna nafasi ya mtu wa pili.

Niandikie tena ukirudi.

Shangazi yako, Arusha